Gari la babu: Anzeni na breki, rangi iwe ya mwisho

NDUGU msomaji, yamkini huko kwenu mashambani kuna gari la zamani ambalo halijawashwa kwa miaka mingi. Labda ni pikapu ya Peugeot 404 iliyoachwa chini ya mwembe, matairi yamekwisha upepo, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva na watoto wanaichezea wakijifanya utingo. Kila uendapo nyumbani wakati wa likizo au sikukuu, mzee hukuambia kwamba gari hilo bado ni zima, linataka kuguswa kidogo tu. Nao wanunuzi wa vyuma vikuukuu hawachoki kupita wakiuliza bei.

Makala haya ni yako wewe ambaye umeanza kufikiri kwamba badala ya gari hilo kuuzwa kwa kilo, afadhali mlitengeneze papo hapo nyumbani. Jambo hilo linawezekana. Halihitaji utajiri, linahitaji spana chache na subira nyingi. Hata hivyo, wengi huianza kazi hii wasiimalize, na aghalabu sababu huwa moja: huanza na kile kinachoonekana wakaacha kile kisichoonekana. Hununua rangi kabla ya kununua mafuta ya breki. Matokeo yake ni gari linalong'aa lakini haliendi, au baya zaidi, gari linaloenda lakini halisimami.

Kumbuka jambo hili tangu mwanzo, kwa maana yote yatakayofuata yanatokana nalo. Gari kongwe hutengenezwa kutoka chini kwenda juu, na kutoka ndani kwenda nje.

Bara na pwani

Hebu tuchukue mfano wa boma moja huko Vitengeni, katika eneo la Ganze, kaunti ya Kilifi. Vitengeni iko bara, nyuma ya msitu wa Arabuko-Sokoke ukiutazama kutoka baharini. Ardhi ya huko ni kavu kuliko ya Malindi au Kilifi mjini, na upepo wa bahari huwafikia wakazi ukiwa umeshapoteza chumvi yake nyingi.

Kwa mwenye gari kuukuu, tofauti hii ni kubwa. Kutu ni chuma kilichoungana na maji na oksijeni ya hewani. Chumvi yenyewe si kutu, lakini maji yenye chumvi hupitisha umeme upesi kuliko maji matamu, na kutu huenea kwa msaada wa umeme mdogo sana unaopita juu ya chuma. Ndiyo sababu gari lililoachwa karibu na ufuo linaweza kuliwa sakafu likabaki matundu matupu, ilhali mwenziwe aliyeachwa bara kwa muda uo huo bado ana bodi ya kutegemewa.

Lakini usifurahi upesi. Jua la bara nalo lina madhara yake. Hukausha raba za madirisha, mipira ya radieta na matairi hadi yakapasuka. Panya hujenga ndani ya chujio la hewa na kutafuna nyaya. Mchwa hupanda kula mbao za kichanja cha nyuma. Nyigu huziba vijibomba kwa udongo. Kwa hivyo gari la Vitengeni huenda likawa na mwili mzuri na mishipa mibovu, na lile la Malindi likawa kinyume chake. Kabla ya kuahidi mtu lolote, jua la kwenu ni la aina gani.

Kwa nini watu hawaisahau 404

Gari hili lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Hapa Afrika Mashariki sifa yake ilitokana na mashindano ya Safari Rally, ambayo yalianza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, na safari hiyo pia yakamaliza 7 tu. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ile miaka miwili ya katikati ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania.

Mkulima na mfanyabiashara walielewa somo hilo bila kuelezwa. Gari lililovuka matope ya Safari lingeweza pia kubeba magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi, na kumfikisha mgonjwa hospitalini usiku wa mvua. Baadaye ndugu yake, Peugeot 504, naye alishinda Safari mwaka 1975 na 1978, na pikapu zake zikawa zikiunganishwa papa hapa Mombasa.

Kuna sababu nyingine inayomhusu fundi wa nyumbani. Injini ya 404 ina silinda nne ambazo hazikutobolewa moja kwa moja kwenye chuma cha injini. Ndani yake mna mabomba ya chuma yanayoweza kutolewa na kutiwa mengine, nayo huzungukwa na maji ya kupozea. Injini ikichakaa, si lazima ipelekwe kwenye mashine kuchongwa upya. Hununuliwa mabomba mapya na pistoni zake, yakapachikwa. Gari lililobuniwa namna hii ni gari lililokubali tangu mwanzo kwamba siku moja litatengenezwa.

Kama la kwenu si Peugeot, usivunjike moyo. Land Rover ya zamani ina bodi ya alumini isiyoshika kutu, ila chasisi yake ni ya chuma na ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Volkswagen ya kobe haina radieta kabisa, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa. Kila gari na tabia zake, lakini utaratibu wa kulifufua ni ule ule.

Hodi kwanza, spana baadaye

Kabla ya kufungua hata nati moja, mwombe ruhusa mwenye gari. Usije ukafika Ijumaa jioni na marafiki zako kutoka mjini, ukaanza kulibomoa gari la mzee mbele ya macho yake. Mwamkie, kaa naye, umuulize habari zake: lilinunuliwa lini, lilizima vipi, ni fundi gani alilifungua mwisho, na kitu gani kilikuwa kikisumbua. Dakika thelathini za mazungumzo na babu zinaweza kukuokolea wiki mbili za kubahatisha. Yeye ndiye anayejua kwamba gia ya pili ilikuwa ikiruka, au kwamba tangi lilikuwa likivuja upande wa kushoto.

La pili ni karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Tafuta kitabu cha usajili, ambacho wengi wetu hukiita logibuku, kisha ulinganishe namba ya chasisi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Magari yaliyosajiliwa nchini kabla ya mwaka 1989 yana namba za herufi tatu na tarakimu tatu, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea siku hizi. Namba hiyo ni sehemu ya historia ya gari, hivyo itunze. Shughuli za usajili sasa ziko mikononi mwa mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ikiwa mwenye gari amekwisha fariki, familia haina budi kukamilisha taratibu za urithi kabla ya kubadilisha jina. Ni vyema hayo yakaanza mapema, kwa maana ni huzuni kubwa kutumia mwaka mzima kutengeneza gari kisha ndugu wakagombana ni la nani.

La tatu ni kulikagua. Chukua bisibisi, ulale chini ya gari, ugonge na kudunga pole pole: vizingiti vya milango, pembe za sakafu, na mahali springi zinaposhikia. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu hulia kwa sauti ya kufa, na pengine bisibisi itapenya. Katika saluni ya 404 bodi yenyewe ndiyo chasisi, kwa hivyo vizingiti vilivyooza si suala la urembo. Ni uti wa mgongo uliovunjika. Ukiona springi ziko karibu kuchomoza ndani ya gari, heri uliache liwe ghala la vipuri vya jingine. Kuamua hivyo mapema ni busara.

Usalama uani

Uani hapana msimamizi wa gereji, kwa hivyo wewe ndiwe msimamizi. Usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi za chuma au vigogo vipana vya mti mgumu, kisha ulisukume kwa nguvu ukiwa nje uone kama linatikisika. Mawe na matofali hupasuka ghafla bila onyo. Magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vipande vya mti.

Vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Breki, klachi na gasketi nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa asbesto, na nyuzi zake zikivutwa huweza kuleta maradhi ya mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Lilowanishe vumbi hilo kwa maji ya sabuni, ulipanguse kwa kitambaa na kukizika kitambaa hicho ndani ya mfuko. Watoto wakae mbali.

Petroli nayo isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Na tangi la petroli lisichomelewe hata kama limekaa tupu miaka mitano, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kama bomu.

Hatua ya kwanza: breki

Sasa tumefika penyewe. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki unaokwenda magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, au raba moja ikivuja, kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halina breki hata kidogo. Magari ya leo yamegawanywa mikondo miwili ili mmoja ukifa mwingine ubaki. La babu halina bahati hiyo, na ndiyo maana breki zake hazisubiri.

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Pwani yetu haikosi unyevu, kwa hivyo mafuta yaliyokaa miaka ndani ya mabomba yamekwisha changanyika na maji, na maji hayo yamekuwa yakila silinda kutoka ndani. Yamwage yote. Fungua silinda kuu na zile ndogo za magurudumuni, uzisafishe, na uweke raba mpya hata kama za zamani zaonekana nzima. Silinda iliyochimbika ndani kwa kutu haifai kusuguliwa ikarudishwa, kwa kuwa itazila raba mpya muda si mrefu. Mipira ya breki iliyopasukapasuka ibadilishwe, na mabomba ya chuma yafuatwe kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

Usikubali ushauri wa yeyote anayesema mafuta ya injini yatafaa kwa muda. Hayo huvimbisha raba za breki, na baada ya siku chache breki zitakwama au kutoweka.

Kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na hapa ndipo familia nzima huingia. Mmoja huketi kwenye kiti cha dereva, mwingine chini penye gurudumu akiwa na spana, kijibomba cha mpira na chupa yenye mafuta safi kidogo. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Wa chini husema, "Kanyaga!" Wa juu hukanyaga na kushikilia. Wa chini hufungua chuchu ndogo, mafuta na viputo hutoka, huifunga, ndipo husema, "Achia!" Hurudiwa hivyo hadi viputo viishe, huku mtu wa tatu akichunga mafuta yasikauke kwenye kikopo cha juu. Mwisho wa kazi kanyagio lapaswa kuwa gumu na lisizame mguu ukikaa juu yake. Likizama, mahali fulani panavuja. Panatafutwa, hapasamehewi.

Pamoja na breki kagua usukani. Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, ama bearingi ama viungo vya usukani vimekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi aliyehitimu, na si aibu kumwita. Angalau mtu mmoja mwenye ujuzi azikague breki na usukani kabla gari halijatoka uani.

Matairi nayo yasikudanganye kwa urefu wa meno yake. Tangu mwaka 2000 kila tairi huwa na tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo ni la karne iliyopita na kazi yake iliyobaki ni kuwa bembea ya watoto.

Hatua ya pili: injini

Kosa kubwa hapa ni kuleta betri mpya na kupiga stata siku ya kwanza. Ringi za pistoni huenda zimeshikana na silinda kwa kutu, na ukizilazimisha zitavunjika. Toa plagi zote nne, tia mafuta kidogo ya injini katika kila tundu, uache siku moja au mbili. Halafu zungusha injini kwa mkono. Bahati nzuri 404 ilikuja na hendeli, na wazee wanajua kuipiga. Muulize babu namna ya kuishika, kwa maana hendeli ikirudi nyuma huvunja kidole gumba cha asiyejua.

Injini ikizunguka bila kukwama, mwaga mafuta yake ya zamani na utie mapya. Petroli iliyolala miaka imekwisha geuka kama gundi, kwa hivyo safisha tangi, bomba, pampu na kabureta. Tumbukiza mkono kwenye chujio la hewa utoe viota. Safisha radieta kwa maji hadi yatoke meupe. Ndipo uiulize injini maswali matatu: ina petroli? Ina cheche? Inagandamiza hewa? Injini ya aina hii ikipata yote matatu kwa wakati wake, haina budi kuwaka. Cheche ikikosekana, aghalabu tatizo huwa ni pointi zilizoota kutu, ambazo husafishwa kwa msasa laini. Nyaya za plagi zikishachomolewa zirudishwe kwa utaratibu wa kuwaka silinda, ambao kwa injini hii ni 1, 3, 4, 2.

Wasomaji wengine huuliza kuhusu petroli ya siku hizi. Zamani petroli ilitiwa risasi, ambayo pamoja na kazi nyingine ilikuwa ikikinga mahali valvu zinapokalia. Kwa kuwa risasi hudhuru ubongo wa watoto, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna tena nchi inayoitumia kwa magari. Injini zenye kichwa cha alumini kama ya 404 huwa na pete ngumu za chuma penye valvu, hivyo hazina shida kubwa. Mwenye injini yenye kichwa cha chuma cha kawaida asiendeshe kwa kasi kubwa muda mrefu, na akague nafasi za valvu mara kwa mara.

Nyaya za umeme zilizotafunwa zisiungwe kwa kusokotwa tu na karatasi ya nailoni. Gari kongwe huteketea kwa waya mmoja unaogusa bodi. Badilisha waya mzima, uweke fyuzi.

Hatua ya tatu: bodi, kisha rangi

Sasa, na si kabla ya sasa, twaweza kuzungumza juu ya sura. Bolti na vifaa vidogo vilivyoshika kutu vinaweza kulazwa ndani ya siki kwa siku nzima. Huko kwetu siki ya mnazi haiadimiki, nayo hufanya kazi hiyo vizuri. Ukivitoa, sugua, osha kwa maji ya sabuni, kausha juani na upake mafuta papo hapo, la sivyo kutu itarudi kabla ya jua kuchwa.

Penye tundu pakatwe hadi ufikie chuma kizima, kisha pachomelewe kipande kipya. Wako watakaokushauri kujaza puti na kupiga msasa. Puti ni ya kusawazisha kibonyeo kidogo, si ya kuziba shimo. Chini yake unyevu huendelea kula, na mwaka ujao rangi itavimba kama jipu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Chagua msimu. Miezi ya Januari na Februari, wakati wa kaskazi, huwa mikavu, na ndiyo mizuri kwa rangi. Wakati wa masika unyevu hunaswa chini ya rangi. Chuma kilichopigwa msasa kipakwe rangi ya msingi siku iyo hiyo. Na baada ya kazi yote, ukilipeleka gari Malindi au Watamu kwa matembezi, lioshe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo urudipo, na uhakikishe vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango havikuzibwa.

Vipuri na pesa

Swali linalowakatisha watu tamaa ni la vipuri. Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ni mahali pa kuanzia kwa anayetafuta kipuri cha zamani. Nenda na kile kibovu mkononi badala ya kukieleza kwa maneno. Mafundi wa jua kali nao huweza kuchonga, kukunja na kumimina vitu ambavyo viwanda vimeacha kutengeneza. Nchini Kuba, baada ya Marekani kuiwekea vikwazo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wenyeji waliendelea kuyatumia magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950, hata ikabidi mengine yatiwe injini za magari tofauti kabisa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ila usitupe kipuri cha asili hata kikiwa kibovu, kwa maana ndicho kielelezo cha kutengenezea kingine.

Kuhusu pesa, gawa mlizo nazo mafungu matatu: la usalama, la mwendo na la sura. Fungu la usalama litumike kwanza, na lisikopwe na mengine mawili. Andika kila shilingi kwenye daftari, na kila kitu ukifunguacho kichoree picha au ukipige picha kwa simu, ukitie ndani ya kopo lenye jina. Msikusudie faida, kwa kuwa ukihesabu saa zenu zote huenda gari likawa limegharimu kuliko bei yake. Lakini vijana wa familia watakuwa wamejifunza kazi, na hilo halinunuliwi dukani.

Wala msidhani ni mchezo wa wazungu na matajiri pekee. Tangu mwaka 1970 Nairobi imekuwa na mashindano ya magari maridadi yajulikanayo kama Concours d'Elegance, ambapo waamuzi huchungulia hadi chini ya gari na ndani ya injini, wala hawatosheki na rangi ya nje. Na tangu mwaka 2003 kuna Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani kwenye barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Huko kote mwenye kushinda ni yule aliyeshughulikia yasiyoonekana.

Siku ya kwanza barabarani

Gari likiwa tayari, lisipelekwe moja kwa moja Kilifi mjini na watu kumi nyuma. Liendesheni kwanza uani, mkijaribu breki kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kisha njia tupu, mtu mmoja ndani. Pateni bima na ukaguzi unaotakiwa na sheria. Baada ya kila safari fupi kagueni chini kama kuna tone la mafuta, na guseni kila gurudumu: lililo moto kuliko mengine lina breki inayokwama.

Barabara za Ganze zina watoto wanaotoka shule, mbuzi wasiojali honi, na bodaboda zinazochomoza bila taarifa. Hakuna hata mmoja wao atakayeuliza gari lenu limepakwa rangi gani. Watakachohitaji ni lisimame.

Kwa hivyo, msomaji, ukifunga safari ya nyumbani likizo ijayo, tia mkobani seti ya spana, daftari, na chupa moja ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa. Mwamkie mzee, umuombe ruhusa, na mwanze na gurudumu lililo mbali. Rangi itangoja.